Karatasi ya Arobaini na Mbili

Jumatatu, 8 Januari

Shule imefunguliwa. Na nani? Na mlinzi, tena kwa kuchelewa, ndiyo maana tulisimama getini nusu saa nzima, walimu kwa wanafunzi, jua likitupiga utosini bila kuuliza nani ana shahada na nani hana.

Daftari hili nimepewa na mke wangu. Yeye ni muuguzi, hurudi nyumbani miguu imevimba, na anasema sarufi yangu imemjaa masikioni. "Baba watoto, hayo mengine mwambie daftari," alisema. Haya, daftari, tufahamiane. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa katika shule hii. Wanafunzi wananiita Nanani, wakidhani sijui. Jina lilitokana na somo langu la kidato cha tatu, kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. Naandika ubaoni "The window was broken", yaani dirisha lilivunjwa, nageuka na kunyoosha chaki, na darasa zima linapaswa kunguruma: "Na nani?" Wasiponguruma hatuendelei.

Jumatano, 10 Januari

Joto. Chaki zimeletwa pungufu. Karatasi za fotokopi hazikuletwa kabisa.

Alhamisi, 11 Januari

Mkuu wa shule ameniletea barua tatu za kusafisha. Hapa kwetu hakuna barua ya Kiingereza inayotoka ofisini bila kupita chini ya kalamu yangu nyekundu, na kazi hiyo tunaiita hivyo, kusafisha. Nikimaliza, karani anachapa nakala safi. Rasimu yenyewe, ikiwa na majeraha yake, naitupa kwenye sanduku la chumba cha walimu tuliloliandika "Nusu Mzima", kwa kuwa upande mmoja wa kila karatasi bado mzima. Humo ndimo tunamochota karatasi za mazoezi mambo yakiwa magumu, na mambo huwa magumu kila muhula.

"Bila wewe, bodi ingenicheka," Mkuu aliniambia. Tulisoma chuo kimoja, akanisimamia harusi. Kiingereza chake hutembea kwa magongo, lakini mtu mwenyewe ni mwema. Sifa zake sikuzikataa.

Jumatatu, 15 Januari

Jiko jipya la shule limekamilika na anatafutwa mpishi mkuu. Bodi itachagua mwisho wa muhula. Kati ya walioomba yumo mpishi wetu wa zamani, yule aliyefukuzwa miaka mitatu iliyopita, jiko la zamani lilipopasuka na sufuria ya maji ya moto ikawamwagikia watoto wawili miguuni. Watoto walipona, makovu wanayo. Yeye akaitwa Mama Moto, na tangu hapo hakuna shule wala hoteli iliyomtaka.

"Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka," alisema mwalimu wa hisabati. "Bodi itatoa ile ripoti kabatini, mchezo umekwisha." Tukacheka. Nilicheka na mimi, naandika ili nisijisingizie wema baadaye. Binti yake yumo katika darasa langu la kidato cha tatu. Wenzake wanamwita Kimya.

Jumatatu, 22 Januari

Leo niligawa zoezi la sentensi kumi za kugeuza, kutoka kutendwa kwenda kutenda. Wanafunzi arobaini na wawili, karatasi arobaini na mbili, zote zimechapwa migongoni mwa karatasi za Nusu Mzima, zilizochotwa hadi chini kabisa ya sanduku, za miaka na miaka. Walikuwa wameinama wakiandika, nami nimesimama dirishani natafuta upepo, mara nikamsikia Redio. Redio ni mvulana wa dawati la nyuma ambaye hajawahi kuona maandishi akayaacha bila kuyasoma kwa sauti, hata yawe maelezo ya dawa ya mende. Alikuwa ameigeuza karatasi yake. Akasoma Kiingereza kilichotembea kwa magongo, na darasa likakielewa vizuri kuliko linavyokielewa changu:

"Mimi nilimwamuru mpishi awashe jiko. Mpishi alikataa mara mbili. Alisema lina ufa. Mimi nikamwambia wageni wako njiani, washa."

Kalamu zote zilisimama. Arobaini na mmoja waligeuka kumtazama mmoja. Kimya akainuka, msichana ambaye tangu kidato cha kwanza sijasikia kwake zaidi ya "nipo" wakati wa kuita majina. Akaenda hadi dawati la nyuma, akampa Redio karatasi yake, akachukua ile, akarudi kuketi. Akaisoma mgongo wake taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Nipe hiyo karatasi," nilisema.

"Sijamaliza zoezi, Mwalimu."

Alisema hivyo kwa adabu zote. Nilibaki mbele ya darasa langu mwenyewe, mkono nimeunyoosha kama mtu anayeomba. Kengele ikalia. Nikakusanya karatasi, nikazihesabu mara mbili. Arobaini na moja.

Jumanne, 23 Januari

Sikulala vizuri. Ripoti ya ajali ile naikumbuka, niliisafisha mwenyewe. Ilisema kwamba jiko liliwashwa na mpishi ilhali ufa ulikuwa umeshaonekana. Mkuu hakuwemo ndani yake hata kivuli. Kumbe aliandika ukweli kwanza, kisha akauogopa, akauficha, akaniletea mwingine! Rafiki yangu! Mtu aliyenisimamia harusi!

Nilimsimulia mke wangu tukinywa chai. Akaniuliza, "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mimi nilisahihisha Kiingereza tu."

Akakoroga chai yake. "Hata sisi wodini," alisema, "mtu akikosea kipimo, faili husema 'dawa ilitolewa'. Sijawahi kuona faili inayosema nani." Kisha akaenda kazini.

Alhamisi, 25 Januari

Karatasi arobaini na moja. Nilimkumbusha Kimya. Akasema bado.

Jumatatu, 29 Januari

Niliandika ubaoni, nikageuka, nikanyoosha chaki. Hakuna aliyenguruma. Nikarudia, sauti juu kidogo. Waliniangalia tu, wote, kwa namna ambayo sikuielewa. Mwishowe nikajiuliza mwenyewe "na nani?" na kujijibu mwenyewe. Miaka kumi na tisa, haijatokea. Nadhani wamekasirika kwa ajili ya mwenzao, na ni haki yao. Hasira zangu mimi ni kwa Mkuu.

Alhamisi, 1 Februari

Joto halishikiki. Arobaini na moja.

Jumanne, 6 Februari

Nimemkabili. Nilifunga mlango wa ofisi nyuma yangu, jambo ambalo sijawahi kulifanya bila kuambiwa.

"Ulimwamuru yule mama awashe jiko," nilisema. "Uliandika mwenyewe."

Mkuu hakuuliza nimejuaje, na hilo peke yake lilinishtua. Alivua miwani, akaiweka juu ya meza. "Niliandika," alisema.

"Kisha ukaifuta."

Alinitazama mpaka nikaanza kuona haya bila kujua haya ya nini. "Mwalimu," alisema, "unaniuliza mimi nani alifuta?"

"Nimuulize nani sasa?"

"Itafute hiyo karatasi. Ukiipata, rudi tuzungumze."

Nikatoka nimechanganyikiwa. Mtu mwenye hatia huomba radhi au hufoka. Huyu alionekana ananihurumia.

Jumatatu, 12 Februari

Nimefikiri, nimepata. Ni karani! Yeye ndiye huchapa nakala safi, yeye ndiye mwenye ufunguo wa kabati, na mdogo wake naye aliwahi kuitaka ile kazi ya upishi. Nimeacha kumsalimu. Leo aliniletea chai nikamwambia sina kiu, na nilikuwa nayo.

Ijumaa, 16 Februari

Redio ameinua mkono. "Mwalimu, tuseme kuna sentensi ina mtenda. Halafu akaja mtu akamfuta. Huyo aliyefuta naye si mtenda?"

"Swali zuri," nilisema, nikageukia ubao na kuandika tarehe, ambayo tayari ilikuwa imeandikwa. Kimya alikuwa anatazama nje.

Jumatano, 21 Februari

Mawingu yalijikusanya, yakatutisha, yakaondoka zao. Karani amemuuliza mwalimu wa hisabati amenikosea nini.

Ijumaa, 1 Machi

Zimebaki wiki mbili bodi ikae. Leo baada ya kazi nilikwenda kwa mpishi. Anapiga pasi nguo za watu katika chumba kimoja chenye dirisha dogo, pasi mbili za mkaa zikipokezana. Nilikwenda kifua mbele, sifichi. Nilijiona mkombozi.

"Mama, nitasimama mbele ya bodi," nilimwambia. "Nitawaambia Mkuu ndiye aliyekuamuru, ukakataa mara mbili. Kazi utaipata."

Alimaliza kola ya shati alilokuwa nalo, akalitundika. "Ahsante, Mwalimu. Keti. Nikuulize kitu. Siku niliyotia saini ile ripoti, nani walikuwepo ofisini?"

"Mkuu. Karani."

"Na wewe."

Nilisema sikumbuki.

"Mimi nakumbuka. Mkono wangu ulikuwa na bandeji, kalamu haikushikika vizuri. Kiingereza sikijui. Nikauliza, jamani, inasema nini hii? Wale wawili wakatazama chini. Wewe ndiye uliyenijibu. Ukasema, 'Inasema kilichotokea, mama. Tia saini hapa.' Ukanionyesha kwa kidole."

Yeye alisema kama mtu anayetaja bei ya sabuni, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza nguvu. Akalowesha kidole, akagusa pasi, ikatoa mlio. "Binti yangu anasema karatasi utaipata," alisema. "Anasema ukipewa kabla hujaona mwenyewe, utatafuta wa kumsingizia."

Nilimkumbuka karani na chai yake. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa mzito kama niliyebebeshwa gunia.

Jumanne, 5 Machi

Mvua imeshuka. Ilianza saa nne asubuhi juu ya mabati, kwa kishindo hata somo likasimama, na katikati ya kishindo hicho Kimya akaja mbele, akaweka karatasi mezani kwangu, akarudi kuketi. Arobaini na mbili.

Nikafanya nilichozoea kufanya, kwa kuwa mikono inajua kazi yake hata kichwa kikiwa hakipo. Nilitoa kalamu nyekundu nikasahihisha. Tisa juu ya kumi. Nikaandika pembeni, "Vizuri." Kisha nikageuza.

Nilitegemea kuona maneno ya Mkuu, nayo yalikuwapo, herufi kubwa kubwa. Juu ya herufi hizo kulikuwa na wino mwekundu. Neno "mimi" lilikuwa limekatwa mahali pote lilipotokea. "Mpishi alikataa mara mbili" ilikuwa imezungushiwa duara, na mshale unaitoa nje ya ukurasa. Na pembeni, kwa mwandiko ule ule wa "Vizuri" ambao wino wake ulikuwa haujakauka upande wa pili, imeandikwa: "Ripoti haina 'mimi'. Ondoa. Anza na jiko."

Nilisoma tena, na tena. Nilitafuta namna ule mwandiko usiwe wangu. Nilitazama hata mkia wa herufi, nikitumaini mtu aliniiga. Ni wangu. Hakuna rasimu ya pili, hakuna karani, hakuna Mkuu aliyeficha kitu. Mtu alikuja kwangu na ukweli mkononi, nami nikaukata kwa sababu haukukaa vizuri masikioni.

Nilipoinua macho, darasa zima lilikuwa linanitazama, na ndipo nilipoielewa ile namna yao. Walijua tangu siku ya kwanza, Kimya alipopita nayo kati ya madawati. Kila mtoto mle ndani amekula wino ule tangu kidato cha kwanza, anaujua kuliko uso wangu.

"Mlijua," nilisema. Mvua ikalimeza neno, lakini waliliona midomoni.

Kinachonitisha kuliko vyote ni hiki: sikumbuki kuukata. Ningekumbuka kwamba nilimlinda rafiki, ningekuwa angalau mwovu mwenye sababu. Bila shaka siku ile nilisafisha barua tatu kama siku nyingine, hii ikiwa mojawapo, kisha nikaenda kula.

Jumatano, 6 Machi

Nilirudi kwa Mkuu na karatasi. Hakuigusa.

"Nilikuuliza siku ile," alisema. "Nikasema, mwenzangu, hii si itamwangukia mpishi? Ukaniambia, 'Mkuu, humu hamna hata neno moja la uongo.' Nikaisoma tena. Kweli halikuwemo."

"Ungeweza kukataa."

"Ningeweza. Nilikuwa naogopa, ukanifungulia mlango, nikapita. Nimepita nikanyamaza miaka mitatu, na kila nikimwona yule binti mstarini natazama viatu vyangu." Akafuta macho kwa kiganja, waziwazi, kama mtoto. "Usinihurumie. Mimi nilijua nilichokuwa nakifanya. Wewe hata hukujua. Sijui nani mbaya zaidi."

Hata mimi sijui. Nilimwomba radhi karani. Aliniuliza radhi ya nini, nikamwambia, akacheka hadi akakaa chini, halafu akaacha kucheka ghafla na kuniambia niondoke mbele yake.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Mke wangu ameisoma karatasi, pande zote mbili. Asubuhi nilikuta amelipiga pasi shati langu jeupe.

Ijumaa, 15 Machi

Bodi ni watu saba, mwenyekiti wao ni mama mmoja mfamasia asiyependa maneno marefu. Walikuwa tayari wamekwisha kuitoa ripoti ya zamani, iko mezani, nakala safi, nzuri. Nilimsikia mjumbe mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba Kiingereza chake kimenyooka.

Niliweka rasimu kando yake. Nikasoma barua yangu, mistari sita. Mkuu alimwamuru mpishi. Mpishi alikataa mara mbili. Mkuu akamlazimisha. Mkuu aliandika hivyo kwa mkono wake. Mimi nilifuta. Mimi nilimwonyesha mpishi mahali pa kutia saini.

Mwenyekiti alitazama karatasi moja, akatazama ya pili. "Sisi tulimfukuza mtu kwa hii," alisema. Akaipindua nakala safi kifudifudi, kama mtu anayefunika kitu asichotaka watoto wakione. Mkuu akasimama bila kuitwa, akasema, "Ni kweli, yote," akabaki amesimama hadi mwisho.

Mambo ya Mkuu yatakwenda ngazi ya juu. Mimi nitapewa barua ya onyo, na hakuna ripoti tena itakayopita kwangu. Mpishi aliitwa ndani, akaambiwa kazi ni yake akiitaka.

"Naitaka," alisema. "Lakini ninyi ni watu saba. Mimi niliitwa Mama Moto na shule nzima. Basi hiyo barua isomwe mbele ya shule nzima, kwa Kiswahili, nami niwepo niisikie."

Mwenyekiti aliuliza nani ataisoma. Hakuna aliyenitazama, kwa adabu. Nikasema nitaisoma.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeifanyia mazoezi nyumbani. Mke wangu anasema nasoma haraka mno.

Ijumaa, 22 Machi

Mkusanyiko wa asubuhi, uwanja umelowa, wanafunzi mia sita wamepanga mistari wakikwepa madimbwi. Mpishi alisimama pembeni ya jukwaa amevaa gauni lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, mkoba begani. Wale wawili wenye makovu walikuwa mstari wa mbele, sasa warefu kuliko mimi.

Nilisoma taratibu. Nani alimwamuru nani, nani alikataa, nani alifuta, nani alinyoosha kidole. Nikafika mwisho wa karatasi, na hapo ningenyamaza nikashuka. Lakini mwalimu na mdomo wake! Nikainua macho, nikataka kuongeza neno moja zuri la kufungia, na neno likatoka lenyewe, lilivyozoea kutoka miaka kumi na tisa:

"Kwa hiyo, wanangu, jina la mama huyu lilichafuliwa—"

Nilisikia nilichosema. Mstari wa kidato cha tatu nao ulisikia. Nilimwona Redio amefungua kinywa, kisha akakifunga na kumtazama jirani yake, maana jirani yake alikuwa ameinua mkono.

"Na nani, Mwalimu?" aliuliza Kimya.

Sauti yake ni nzito kuliko nilivyodhani, na ilifika hadi getini. Mia sita walisubiri. Nikashika mlingoti wa bendera.

"Nililichafua mimi," nilisema.

Kimya akashusha mkono. Mama yake akafungua mkoba, akatoa aproni, akaivaa pale pale mbele ya watu, akaifunga kwa nyuma bila kuharakisha, akavuka uwanja kwenda kuwasha jiko.